Kimya cha Gurudumu la Kushoto

Mitwero, baada ya Maghrib

Mwanangu Rehema,

Umekwenda kwa bibi yako kuaga, na mama yako yuko nawe. Nyumba imebaki na mimi, na kuku, na pikapu letu pale uani likiwa limebeba godoro lako, ndoo zako na lile sanduku la vitabu ulilonikataza nisilifunge kamba. Kesho alfajiri unataka kuliendesha mwenyewe mpaka Mitole, ukaanze kazi kwenye zahanati yao. Habari za chakula, maji ya kuchemsha, chandarua na kupiga simu ukifika, mama yako ameshazisema zote, tena kwa sauti kubwa hata majirani wamezishika. Mimi nina jambo moja tu. Gari limenyamaza tangu jana, na kunyamaza kwake kunanitisha.

Usinicheke. Nakumbuka mjomba wako Hamisi alivyolirudisha. Aliliingiza uani akapita makusudi juu ya ule mzizi wa mkorosho, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa kasi, na halikutoa hata mguno. Wewe ulipiga makofi. Mama yako akasema alhamdulillahi, mtoto atasafiri. Nilimwuliza Hamisi kimebadilishwa nini, akasema rafiki yake wa gereji ameligusa kidogo. Nikamwuliza ameligusa wapi. Hapo ndipo aliponijibu yale yaliyowachekesha wote:

"Shemeji, mgonjwa akipona wewe unamdai daktari ushahidi? Gari limenyamaza. Twende tukale."

Nilicheka pamoja nanyi, na tukala. Lakini nilikuwa nimeitazama mikono yake. Unajua desturi yetu huku: fundi akibadilisha kifaa, kile cha zamani hukurudishia mkononi, kimefungwa kwenye gazeti au mfuko, ukitazame mwenyewe na ukitupe mwenyewe. Hata fundi mwizi hufanya hivyo, ingawa atakupa kifaa cha gari la mtu mwingine. Hamisi alishuka mikono mitupu. Hakuna kilichorudi nyumbani, maana yake hakuna kilichotoka kwenye gari.

Nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, na kila mwaka niliwapata wanafunzi waliotaka kujibu kabla swali halijaisha kusomwa. Gari kuukuu ni swali refu. Watu husema tu kwamba linagonga, lakini mlio haukuambii kitu mpaka ujue unatokea wakati gani. Ukipita kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati, ukasikia mlio mwepesi wa haraka haraka, kama vijiko kwenye sinia, mara nyingi ni vile vifimbo vya stabilaiza, chuma kinachozuia gari lisilalie upande kwenye kona. Vinaudhi, hata vya gari letu, lakini vitakufikisha. Ukilikandamiza gari kwa mbele likalia kama mlango mkavu, ni bushi, ile mipira iliyokaa kwenye maungio ya chuma, imekauka. Likivuma, na mvumo ukapanda kadiri unavyoongeza mwendo hata kwenye lami laini, fikiria beringi ya gurudumu, na usichelewe. Likigonga mara moja unapokanyaga breki na mara moja tena unapoondoka, kuna chuma kizito kinachohama mahali pake. Na likigonga unapozungusha usukani gari likiwa limesimama tu, uzito wote wa mbele ukiwa umekaa juu ya magurudumu, hapo nataka uzime redio, uwanyamazishe abiria, usikilize tena.

Letu lilikuwa likigonga hivyo, mbele kushoto, tangu mvua zilipokatika. Ko, moja, nzito, ukikata usukani kutoka langoni. Ko, ukiingia shimoni huku umeshika breki.

Kuna kiungo kinaitwa boljointi. Ni tufe la chuma lililokaa ndani ya kikombe cha chuma, kama kichwa cha mfupa wa paja kinavyokaa kwenye nyonga. Hilo unalijua kuliko mimi. Ndicho kinachoshika gurudumu lisiachane na gari, huku likiwa na uhuru wa kugeuka. Kikombe kikilika, tufe hucheza. Likicheza, hugonga. Ukiliacha liendelee, siku moja tufe huchomoka na gurudumu hulala ubavu chini ya gari. Siku hiyo halikupi onyo. Onyo lilikuwa ule mlio.

Nawe umefundishwa kwamba mtoto anayeletwa akilia kwa nguvu anaweza kusubiri kidogo kuliko yule anayeletwa ametulia mno. Nilikusikia ukimweleza mama yako hayo jikoni, ulipokuwa mwaka wa kwanza chuoni. Nilisimama mlangoni nikasikiliza, wala hukuniona. Nilijisemea kwamba laiti ningeijua kanuni hiyo siku ya harusi ya Kitomanga.

Harusi yenyewe unaijua kwa kusimuliwa, maana siku ile ulikuwa mgongoni kwa bibi yako. Ilikuwa pikapu hili hili, mimi nikiwa bado na nywele. Kwa muda mrefu upande wa kulia ulikuwa unagonga, na mama yako ndiye aliyeusikia kwanza. Aliniambia, "Mwalimu, kule chini kuna mtu anabisha hodi." Nami nikamweleza. Unajua nilivyo. Nilichukua kijiti nikamchorea mchangani, nikaweka mishale ya nguvu kila upande, nikamthibitishia kwamba kinachogonga ni kitu chepesi kisichoweza kuangusha gari. Yalikuwa maelezo mazuri sana. Kasoro yake ni kwamba sikuwa nimeingia chini ya gari.

Kisha masika yakaja. Tope jeusi la njia ya shamba likajaa kwenye maungio yote, jua likalikausha humo, likakaza kama udongo wa chungu, na mlio ukaisha. Nikamwambia mama yako, unaona sasa? Akanitazama, akasema, "Labda amechoka kubisha. Au ameshaingia."

Tulikwenda Kitomanga kumchukua bibi harusi. Wanawake walijaa nyuma wakiimba njia nzima, na hata kama gari lingenung'unika, nani angelisikia? Ule mteremko wa kabla ya daraja tuliushuka kwa mwendo ambao leo sithubutu. Tukafika salama kwa bwana harusi, bibi harusi tukiwa naye. Nikawa narudi nyuma taratibu langoni, ili bibi harusi ashukie kwenye mkeka asikanyage tope. Nikakata usukani, nikasikia kitu kama ukuni mkavu unavunjwa gotini, na kona ya kulia ya gari ikaanguka chini. Gurudumu lilikuwa limelala. Shangazi yako Mwajuma alikuwa ameshaweka mguu mmoja ardhini; akatupwa, akavunjika bega. Ndiyo maana mpaka leo hajitwiki ndoo.

Kitu kinachonirudia si kishindo. Ni kwamba wanawake waliendelea kuimba. Wale wa nyuma hawakuwa wameelewa, wakamalizia ubeti wao, wakapiga na vigelegele, shangazi yako akiwa chini. Nami nikageuka nikatazama barabara tuliyotoka, nikaona kichwani mwangu ule mteremko, na gari limejaa vile, na daraja.

Mama yako hajaacha kunitania. Nikianza kufafanua jambo mezani huniuliza, "Mwalimu, umeingia chini?" Wewe umekua ukilisikia neno hilo ukidhani ni mzaha wa wazee tu. Ni mzaha, ndiyo. Ila mwenye kutaniwa hulala nao.

Baada ya siku ile nilijifunza kukagua, na mwanzoni nilijifunza vibaya. Fundi wa kando ya barabara ataweka jeki kwenye fremu ya gari, gurudumu litaning'inia, atalitikisa, na atakwambia kiungo ni kizima. Hasemi uongo, anaonyeshwa uongo. Gurudumu likining'inia hivyo, springi inausukuma mkono wa chini, ule wenzo wa chuma unaobeba gurudumu, kwa nguvu, na tufe linabanwa kwenye kikombe chake hata kama kikombe kimeliwa. Weka vigingi kwenye magurudumu ya nyuma, kisha jeki iingie chini ya ule mkono wa chini wenyewe, karibu na gurudumu, ili springi ibebwe na kiungo kilegee. Sasa shika tairi, mkono mmoja juu na mwingine chini, vuta na usukume. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki, nawe utikise tena. Mchezo ukiisha, shaka iko kwenye beringi. Ukibaki, ni boljointi. Halafu shika kushoto na kulia kwa ajili ya vyuma vya usukani. Na usiingize mwili wako chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kuokota spana.

Nimeandika mpaka hapa, nikaona haya. Nakwambia uingie chini, na mwenyewe nimekaa kwenye kiti natumia kalamu kama nilivyotumia kijiti. Ngoja.

Nimerudi. Alama utakayoiona pembeni mwa karatasi ni kidole changu. Usidhani ni chai. Inanuka ufuta.

Nililiinua kama nilivyokueleza, nikashika tairi juu na chini, nikatikisa. Halikucheza. Nikatikisa tena. Kimya. Nakiri nilifurahi, nikawa nawaza namna Hamisi atakavyonicheka kesho, na mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye mpini wa jeki nianze kulishusha. Kilichonizuia ni vumbi. Chini ya gari kote kulikuwa na vumbi letu jekundu, isipokuwa pale kwenye kiungo. Pale palikuwa pamepanguswa.

Nikamulika kwa tochi. Ni tyubu ya baiskeli, imechanwa vipande virefu vyembamba, ikazungushwa kwenye boljointi na kukazwa, tabaka juu ya tabaka, kama tunavyofunga mpini wa jembe uliopasuka. Juu yake yamemwagwa mafuta ya ufuta mpaka yanadondoka. Dawa hiyo unaijua. Msimu wa ufuta kila nyumba huku kwetu ina chupa yake, na kila kinacholia hupakwa: bawaba, kitanda, baiskeli, mkokoteni. Mafuta hulainisha mpira, mpira hubana chuma, na mlio hufa. Kwa mlango ni dawa nzuri. Kwa kiungo kilichoshika gurudumu ni kumfunga mgonjwa mdomo ili wenye nyumba walale.

Nikachukua kisu, nikakata. Vipande vilianguka vizito, vimeshaanza kuvimba kwa mafuta. Nikashika tena tairi juu na chini, nikavuta, nalo likanijia mkononi kiasi cha kunifanya niachie. Ko. Ule ule.

Mzee Saidi alikuwa anatoka msikitini, nikamwita akanyage breki. Unamjua, hawezi kupita bila kunitania kuhusu kipara changu, na alianza kweli, akiuliza kama nimelala chini natafuta nywele. Akapanda, akakanyaga. Nikatikisa, na kiungo kikaendelea kucheza vile vile, na yeye akakisikia kupitia kanyagio. Akashuka polepole. Akaniuliza, "Rehema ndiye aliyekuwa aondoke na hili kesho?" Nikasema ndiye. Akakaa kwenye ngazi yetu, akavua kofia, akaishika mapajani, nami nikamletea maji.

Najua utauliza, maana mimi ndiye niliyekuzoesha kuuliza: mpira ule ungeshika mpaka wapi? Kwenye lami ungeshika. Ungepita Kitomanga bila shaka yoyote, na kadiri gari lilivyokaa kimya ndivyo ungeongeza mwendo. Joto na mafuta vingekuwa vinaula polepole. Ungeacha lami na kuingia barabara ya Mitole, na huko, kwenye makorongo ya kwanza, mpira ungelegea. Huenda lingegonga mara moja mbili. Wewe ungesema ni mashimo. Vijiji vya njia ile vimeachana, mwanangu, na nimejaribu kuifikiria sehemu ambayo ningependelea likutupe. Sikuipata.

Kwa hiyo nimelitoa gurudumu. Ukifika utaliona gari limekaa juu ya magogo, godoro lako liko ukumbini, na sanduku la vitabu, samahani, nimelifunga kamba. Kesho utapanda basi. Mzee Saidi amesema atakusindikiza mpaka stendi na kuhakikisha mizigo yako haikai chini ya gunia la mtu. Nitatafuta boljointi mpya, ya kushoto na ya kulia pia, maana nilizibadilisha zote mbili baada ya ile harusi na zimezeeka pamoja, na fundi atanikabidhi zile za zamani mkononi. Halafu nitakuletea gari mwenyewe.

Utakasirika. Ulitaka uingie Mitole ukiwa nyuma ya usukani, na najua umeshamwambia mganga mfawidhi wako kwamba unakuja na gari. Utashuka kwenye basi na ndoo zako kama mwanafunzi. Kasirika. Mlango ukiubamiza nitausikia, na nitafurahi kuusikia.

Lakini Hamisi usimgombeze. Nimekaa na vile vipande vya mpira hapa mezani, nimevigeuza, na sidhani kuna rafiki yeyote wa gereji. Fundo lile nalijua. Ndilo analofungia mbuzi wake. Alilala chini ya gari yeye mwenyewe, na mgongo wake ule. Siku niliposema labda safari yako isogezwe, uliingia chumbani ukajifungia, na mjomba wako alikuwa barazani. Alikusikia. Hakuweza kuvumilia kilio chako, akaenda kukinyamazisha kwa njia anayoijua. Nami nilipomchorea mama yako mishale mchangani, sikuwa nafanya jambo tofauti sana. Alikuwa na hofu, nami nilitaka hofu iishe. Nitazungumza na Hamisi mimi, tukiwa wawili, wala si mbele ya mama yako.

Sasa nisikilize kuhusu Mitole, maana hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kukungoja nikwambie kwa mdomo. Kwa mdomo ningezungukazunguka.

Kijijini gari halina mwenyewe. Nitakapokuletea hili, kabla wiki haijaisha watakuwa wanalijua kwa mlio wake, na watoto watakuwa wameshalipa jina. Kisha saa yoyote watakuja watu kwenye mlango wako. Watakuwa wamembeba mtu kwenye kitanda cha kamba, mara nyingi mwanamke ambaye uchungu umemgeukia vibaya, na wewe ukiwa tabibu utamtazama na kujua kwamba hapo zahanati hamna la kumfanyia, anatakiwa hospitali. Watalitazama gari. Halafu watakutazama wewe. Watakuwa wanakuita daktari, na wazee wa umri wangu watakuwa wanakubembeleza kama mtoto wao.

Mtu akiwa amesimama mbele ya macho hayo hawezi kukagua chochote. Ataambiwa na moyo wake kwamba ule mlio ni mdogo. Ataambiwa na mjomba fulani wa hapo kijijini kwamba kuna dawa, na chupa itatolewa. Kwa hiyo kagua kabla hawajaja. Kila Ijumaa ukitoka kuswali, liinue, shika tairi juu na chini, kushoto na kulia, ili usiku huo usiwe na la kufikiri, uwe tayari unajua. Ile stabilaiza sitaigusa. Itaendelea kulia kama vijiko, iache ilie, uizoee, ili siku sauti nyingine ikiingia uitambue. Na siku lote likinyamaza bila mtu kukupa kifaa cha zamani mkononi, usipande.

Ukijua liko imara, washa, waweke, nenda nao, na Mungu awe mbele yenu. Ukijua linacheza, usiwashe. Mtabeba kitanda kwa mabega mpaka barabarani, mtatuma pikipiki mbele, mtafanya yote mnayoweza, lakini usiwashe. Watakuita katili, na huenda mgonjwa akafia njiani, nawe utabaki kuishi nao hapo hapo. Sina maneno ya kukupunguzia hilo. Nimeyatafuta tangu niliporudi kunawa mikono.

Nasikia sauti ya mama yako huko njiani, na wewe unacheka. Bado hamjafika kwenye kona ya kuliona gari.

Usiwashe, Rehema. Hata kama wanalia. Hata kama ni mimi nimekuja kukutembelea, na kitanda cha kamba kilichowekwa mbele ya mlango wako nimekilalia mimi.

Baba yako